Kabati la kiangazi: kutoka fulana za maandishi hadi mavazi ya mtu mzima, Nairobi, Januari–Machi 2025

Jumamosi, 4 Januari 2025: Kilichonisukuma, na kilichomo kabatini

Mwezi uliopita tulimsindikiza binamu yangu kupeleka mahari. Nilifika nimevaa fulana nyeusi yenye maandishi makubwa kifuani, jinzi iliyochanika magotini na raba nyeupe. Wazee walipoanza kuingia ndani, mjomba aliniwekea mkono begani akaniambia, "Wewe kijana baki huku nje na wenzako, mtusaidie kubeba viti." Wenzangu aliowaonyesha walikuwa wavulana wa shule ya upili. Mimi nina miaka 27. Binamu mwingine, ambaye nimemtangulia kuzaliwa kwa miaka miwili, aliingia akaketi na wazee. Alikuwa amevaa shati la mikono mifupi, suruali ya kaki na viatu vya ngozi. Hakuwa na tai wala koti.

Nilibeba viti na sikumnung'unikia mtu, lakini safari nzima ya kurudi nilikuwa nikilifikiria lile shati. Kazini nako mambo ni hayo hayo. Ninasimamia stoo ya vifaa vya ujenzi, na madereva wa malori wakifika huniuliza msimamizi yuko wapi. Kazi yetu haina sare, kwa hiyo nguo zangu za Jumatatu ndizo za Jumapili.

Leo nimemwaga kabati lote kitandani. Fulana 14, tisa kati yake zina maandishi au picha. Jinzi nne, mbili zimechanika kwa makusudi ya aliyezishona. Mashati matatu ya mikono mifupi ambayo siyavai kwa sababu yananipwaya. Kaptula mbili za mpira, hudi tatu, raba jozi mbili, ndala. Sina mkanda hata mmoja wa ngozi.

Nimetenga shilingi 15,000 hadi mvua za masika zianze. Kuanzia sasa hadi katikati ya Machi ndio wakati wetu wa jua kali, na jua la Nairobi lina tabia yake: mchana linachoma hadi nyuzi 27 au 28, lakini mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi kituoni unatetemeka. Nguo lazima zikabiliane na yote mawili. Sharti langu ni kwamba sitavaa kitu kisichoweza kukaa ndani ya matatu saa saba mchana bila kunilowesha jasho. Nauli siihesabu, nguo na fundi tu.

Jumanne, 7 Januari: Gikomba, na shilingi 1,200 zilizokwenda bure

Niliomba ruhusa kazini nikafika soko la mitumba la Gikomba mapema, bale zikiwa bado zimefungwa. Kwa asiyelijua soko hilo: bale likifunguliwa, wa kwanza huchagua "kamera", yaani nguo safi zisizo na doa wala tundu. Baada yao bei huteremka kadiri rundo linavyopekuliwa, na mwisho hubaki "fagia", za kuuzwa kwa bei ya kutupa. Ukitaka kitambaa kizuri, amka mapema. Ukitaka bei, nenda jioni. Huwezi kupata vyote viwili siku moja.

Niliamka mapema nikanunua nguo zisizofaa. Akilini nilikuwa nimeshaamua kwamba mtu mzima ni mtu wa ofisi, kwa hiyo nikachukua mashati mawili ya mikono mirefu, moja jeupe na moja la samawati, kwa 350 kila moja, na suruali nyeusi ya kitambaa kwa 500. Zote kamera, zote zinang'aa.

Nyumbani nililivaa lile la samawati bila kulichomekea. Mkia wake ulinishuka hadi mapajani. Shati la kuchomekea hukatwa refu, tena kwa mviringo mbele na nyuma, ili lisichomoke ukiinama, na hakuna namna ya kulivaa nje likakaa sawa. Nilipolichomekea kwenye jinzi na raba, kola ikasimama wima kana kwamba inasubiri tai. Kwenye kioo nilimwona mtu anayeelekea kwenye mahojiano ya kazi, na mtu wa mahojiano ni kijana kuliko hata yule wa fulana.

Kitambaa chenyewe kiliandikwa ndani ya kola: poliesta asilimia 65, pamba 35. Nilikivaa kazini siku moja na kufikia saa sita mgongo ulikuwa umelowa. Poliesta hainywi jasho, hulitandaza tu juu ya ngozi. Sikusoma lebo sokoni kwa sababu niliona haya kugeuza nguo ndani nje mbele ya watu. Geuza. Muuzaji amezoea.

Suruali nimempa mdogo wangu ambaye ndiye anayetafuta kazi. Mashati bado yapo.

Jumamosi, 11 Januari: Mama Fundi na futi

Hatua hii ilipaswa kuwa ya kwanza. Hapa mtaani Umoja kuna mama mmoja wa makamo anayeshonea kwenye kibanda karibu na stendi, nasi sote humwita Mama Fundi. Nilimpelekea mfuko mzima wa nguo nikamweleza shida yangu, pamoja na habari ya viti. Hakucheka. Alichukua futi akanipima, na namba zenyewe nimeziandika kwenye simu: bega hadi bega inchi 17 na nusu, kifua 38, shingo 15 na nusu, kiuno 32, mguu wa ndani 31. Urefu wa shati la kuvaliwa nje, kutoka mshono wa kola mgongoni, 27 na nusu. Shati la namna hiyo hukatwa sawa chini, na likikutosha huishia katikati ya zipu kwa mbele na katikati ya mfuko wa nyuma.

Kisha akavuta yale mashati matatu niliyokuwa siyavai. Aliniambia nivae moja, akalibana mbavuni kwa pini, akakunja mikono kwa ndani hadi ikaishia katikati ya msuli wa mkono, akanigeuza kwenye kioo. Lilikuwa shati jingine. Kumbe sikuwa na nguo mbaya, nilikuwa na nguo za mtu mwingine. Kuyapunguza yote matatu ni shilingi 450, na hadi leo hakuna pesa niliyotumia ikanibadilisha kama hiyo. Anayenifuata akiwa na mia tano tu mfukoni, asiende sokoni. Aende kwa fundi.

Nilimuuliza nikinunua nguo niangalie nini kwanza. "Bega, mwanangu. Kisha kwapa, kisha kifua, urefu mwisho. Mbavu nitabana, mkono nitakata, pindo nitapandisha. Bega halipunguzwi."

Rafiki wa kazini alinishauri nishone suti ya Kaunda nimalize mchezo. Ni ushauri ninaouheshimu, kwa sababu suti ya Kaunda ya mikono mifupi ni vazi la wakati wa joto na la mtu mzima kwa pamoja, nalo lina historia: limepewa jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, na hapa kwetu lilizua mjadala hadi Spika Moses Wetang'ula akalipiga marufuku bungeni Novemba 2023. Lakini ukilivaa Nairobi siku hizi watu wanakusoma siasa kabla hawajakusoma umri. Nimeliacha.

Nimenunua pia fulana mbili zisizo na maandishi, nyeupe na bluu nyeusi, 250 kila moja. Jumla hadi leo 2,150.

Jumamosi, 18 Januari: Bega halipunguzwi

Leo nilikuwa soko la Toi, kule karibu na Barabara ya Ngong. Nilikuta shati la kitani, au lineni kama wauzaji wanavyoliita, rangi ya maziwa, limekatwa sawa chini, vifungo vya chaza. Shilingi 700 baada ya kubishana sana. Mshono wa bega ulinishukia karibu inchi moja kila upande. Niliuona. Nilijiambia kitambaa kama hiki hakipatikani mara mbili, na Mama Fundi ni hodari.

Mama Fundi alilitazama akatikisa kichwa. Nilimsihi. "Nitajaribu, lakini usinilaumu," akasema, akataja 300.

Jioni nililivaa. Ukisimama wima mikono ikiwa chini, ni shati zuri ajabu. Ukinyoosha mkono kushika chuma cha matatu, shati lote linapanda hadi kitovuni. Alinieleza sababu, nami naiandika hapa ili mwingine asilipie somo hilo: shati la mtu mkubwa lina tundu la mkono lililoshuka chini ya kwapa. Fundi akikata bega, anausogeza mshono wa juu mahali pake, lakini sehemu ya chini ya tundu inabaki pale pale iliposhuka. Mkono ukipanda, unavuta mwili mzima wa shati. Kulirekebisha ni kulikata shati upya kutoka mwanzo, na kitambaa cha kufanyia hivyo hakipo.

Nilibaki kibandani kwake nikiwa nimeishiwa maneno. Yeye alichukua mkasi mdogo akakata vifungo vile vya chaza kimoja kimoja, akavifunga kwenye karatasi, akanipa. "Hivi vitapata shati lake." Jumla 3,150.

Jumamosi, 25 Januari: Kitani kisicho kitani

Tumekubaliana kwamba shati la kitani litashonwa upya, kwa kipimo changu. Nilikwenda Biashara Street, upande wa Muindi Mbingu, ambako maduka ya vitambaa yamebanana. Katika duka moja nilionyeshwa jora la rangi ya kijani ya zeituni lenye nyuzi nene na nyembamba, ule mwonekano wa kitani kabisa. "Lineni safi, mkubwa," kwa 450 mita. Nilichukua mita mbili, 900.

Mama Fundi alikisugua kati ya vidole, akachomoa uzi mmoja pembeni, akawasha kiberiti. Uzi ukajikunja ukiukimbia moto, ukayeyuka, ukaacha kishanga kigumu cheusi kinachonuka plastiki. Kisha akachomoa uzi kwenye mabaki ya lile shati la maziwa. Huo ulishika moto mara moja, ukanuka karatasi iliyoungua, ukaacha jivu laini lililopukutika kwa kupulizwa. Kitani na pamba huungua hivyo, kwa sababu ni mimea. Poliesta huyeyuka. Sasa ninatembea na kiberiti. Muombe muuzaji uzi mmoja wa ukingoni, na akikataa, ondoka.

Dalili nyingine nilizojifunza kwake: kitani halisi ni baridi ukikigusa, na ukikifumbata ngumini dakika moja hutoka na mikunjo mikali. Kile changu kilitoka kimenyooka kama kilivyoingia, na dukani nilidhani huo ndio uzuri wake.

Jumanne, 28 Januari

Nimenunua kitani halisi duka jingine baada ya kuchoma nyuzi za majora manne. Rangi ni ile ile ya zeituni ila imepauka kidogo, mita mbili kwa 800 kila mita. Ile poliesta haikutupwa: Mama Fundi ameitumia kushona shati la majaribio ili aone kipimo kabla ya kugusa kitani. Kola ilikuwa pana mno, tumeipunguza. Mfuko tumeuondoa kabisa. Nililifua lile la majaribio, nikalianika, nikalivaa tena, na urefu ulikuwa inchi 27 na nusu kamili. Tukaona tuko tayari.

Jumapili, 9 Februari: Shati lilirudi

Shati la kitani nililipata Jumamosi iliyopita. Ushonaji 1,000, vifungo vyangu vya chaza. Nimelivaa siku tatu, na sijawahi kuvaa kitu kama hicho kwenye joto: upepo unapita, jasho linakauka kabla hujalihisi, na mikunjo yake inakaa kama mikunjo ya kitu kilicho hai. Jumatano nilikuwa langoni kwa stoo, dereva akashuka na karatasi za mzigo akanikabidhi mimi moja kwa moja. Huenda aliniona ninayo kalamu mkononi. Hata hivyo niliiweka siku hiyo akilini.

Jana nikalifua. Leo limekauka na limepungua inchi moja na robo kwa urefu. Ukiinua mkono, kiuno chote kinaonekana.

Ukweli wa mambo ni kwamba shati la majaribio ndilo lililotudanganya. Poliesta hairudi, yaani haipungui, ikifuliwa. Kitani kinarudi, na zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, kwa sababu nyuzi za urefu huvutwa kwa nguvu wakati wa kufuma na maji huzilegeza. Tulilipima kosa la kola kwa kitambaa kisichoweza kutuonyesha kosa la maji. Kitambaa kilipaswa kulowekwa usiku kucha, kikaushwe na kupigwa pasi kabla ya chaki kukigusa. Mama Fundi alisema yeye huloweka vitambaa vya wateja wote, lakini kwangu alikuwa ameona lile la majaribio limetoka salama, akaniamini nilipomwambia nina haraka. Haraka ilikuwa yangu.

Kilichotuokoa ni pindo. Alikuwa ameacha pindo la inchi nzima, akalifumua, akalikunja tena jembamba sana la robo inchi. Tumerudishiwa robo tatu. Kisha akapasua kidogo pembeni, inchi mbili kila upande, ili pindo likae huru nyongani. Sasa linaishia juu kidogo ya nilipotaka, na linavalika vizuri. Alinitoza 100. Jumla 6,750.

Jumamosi, 15 Februari: Suruali mbili, moja imekuwa kaptula

Rangi nilikuwa nimeshazipanga: kaki yenyewe, na bluu nyeusi. Zote mbili zinakubaliana na zeituni, nyeupe na samawati, kwa hiyo asubuhi hakuna kuwaza. Neno kaki asili yake ni Kiajemi, rangi ya vumbi, nalo limeletwa kwetu kupitia Bara Hindi, na kwa mtu anayeshinda kwenye stoo ya saruji hiyo ni sifa. Toi nilizipata kwa 600 na 700, pamba tupu, uzi umechomwa na umetoa jivu. Kiuno sawa, nyonga sawa, miguu mipana mno.

Mama Fundi alikuwa amesafiri kwao. Badala ya kungoja wiki moja, nilipeleka ile ya kaki kwa fundi mwingine wa barabarani nikamwambia abane hadi inchi sita na nusu chini, ikipimwa bapa. Namba hiyo niliitoa kichwani mwangu, kutoka kwenye jinzi zangu za zamani. Alifanya kazi haraka, akakata kitambaa kilichozidi, akapitisha ovaloki.

Ilikuwa imenishika mashavu ya miguu. Nikikaa, inapanda na kubaki huko huko. Ni jinzi ya mvulana kwa kitambaa cha mtu mzima. Nilipompelekea Mama Fundi aliporudi, alifumua upande mmoja atazame ndani, akakuta hakuna akiba ya kitambaa ya kupanulia. Yeye anapobana hashiki mkasi: anashona mstari mpya na kuacha ziada ndani ya mshono, ili ukinenepa au ukibadili mawazo pawepo pa kurudi. Muulize fundi swali hilo kabla hujampa nguo: ziada unaikata au unaiacha?

Tumeikata juu kidogo ya goti, mguu wa ndani inchi nane, pindo pana. Imekuwa kaptula ya kaki iliyonyooka, ambayo ninaweza kwenda nayo kumtembelea mtu Jumapili, na zile za mpira nimezirudisha kwenye mazoezi tu. Ile ya bluu nyeusi ameibana hadi inchi saba na robo. Inashuka wima kutoka nyonga, inagusa kiatu bila kulundika. Kubana 250 kila moja, kaptula 100. Jumla 8,650. Suruali ya kaki bado sina.

Jumamosi, 22 Februari: Miguuni

Nilitembelea Kariokor, soko lililobeba jina la Carrier Corps, wale wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia ambao wengi wao hawakurudi. Ndani kuna safu za mafundi wa ngozi wanaokukatia kandambili mbele yako. Nilichukua za ngozi ya kahawia zenye mikanda miwili mipana, bila shanga, kwa 1,200, na mkanda wa kiuno wa ngozi ile ile kwa 500. Fundi aliniwekea mguu juu ya karatasi akauchora kabla ya kukata soli. Mkanda ulipaswa kuwa ununuzi wa wiki ya kwanza. Suruali isiyo na mkanda inaonyesha mtu aliyesahau kitu.

Moka za ngozi, vile viatu vya kuvaa bila kamba, nilizipata Gikomba kwa 1,800. Nilinusa, nikakunja, nikatazama ukingo wa ngozi uliokatwa: ngozi nzima ina nyuzinyuzi, ile ya kubandika inaonyesha tabaka kama mkate. Zilikuwa ngozi kweli. Nisichokiangalia ni soli. Siku ya pili ya kutembea, ile ya kulia ilifunguka mdomo mbele. Zilikuwa zimegandishwa kwa gundi tu, na gundi ya zamani hukauka ikavunjika. Mzee anayeshona viatu karibu na stendi alizipitishia uzi pande zote kwa 300, akanionya nisizianike juani zikilowa, nizijaze karatasi kivulini. Rangi ya viatu 150.

Raba nyeupe sikuzitupa. Nimeziosha, nikaziwekea kamba mpya za 50, na zikiwa safi zinakaa vizuri chini ya ile suruali ya bluu. Chafu, hazifai kwa lolote. Jumla 12,650.

Jumapili, 2 Machi: Koti la asubuhi

Wiki hii nimevaa mavazi mapya siku saba mfululizo. Mchana hakuna shida hata kidogo. Asubuhi nilirudia hudi mara tatu, na hudi juu ya shati la kitani inaharibu yote yaliyo chini yake.

Toi nilipata koti jepesi la pamba, bluu nyeusi, mabega sawasawa (nilipima mara mbili), kwa 1,100. Ndani lilikuwa na bitana ya poliesta, na kufikia saa nne asubuhi lilikuwa jiko. Mama Fundi aliitoa bitana yote isipokuwa ya mikononi, kwa sababu mkono bila bitana unang'ang'ania shati ukilivaa. Mishono iliyobaki uchi aliifunika kwa utepe wa pamba. Kazi hiyo ilimchukua siku mbili na alinitoza 350, nami naona alinihurumia. Sasa linakunjika mkononi mchana kama shuka.

Yale mashati mawili ya ofisini jirani ameyanunua kwa 500. Yeye anafanya kazi ya kuketi mapokezi na yamemkaa vizuri sana. Jumla baada ya kutoa hiyo: 13,600.

Jumapili, 16 Machi

Mawingu yameanza kukusanyika jioni. Kabati sasa lina mashati manne ya mikono mifupi yanayonitosha, fulana mbili mpya na tatu za zamani zisizo na maandishi, suruali moja, jinzi mbili nzima, kaptula moja, koti, moka, kandambili, raba, mkanda. Nguo ni chache kuliko nilizokuwa nazo Januari, na asubuhi ninavaa kwa dakika tano. Fulana za maandishi nimebaki na mbili za kulalia.

Mambo mawili bado hayajanitulia. Kupiga pasi kitani: kikikauka kabisa hakinyooki, lazima kiwe na unyevu, kwa hiyo ninalianua likiwa bado bichi kidogo na kulipiga pasi moto sana kwa upande wa ndani, maana kwa nje rangi nyeusi na zeituni huanza kung'aa kwenye mishono. Pili ni kupauka. Lile la zeituni limeanza kufifia mabegani kwa kuanikwa juani. Sasa ninaanika kivulini, nje ndani.

Jumamosi, 22 Machi

Jana mvua kubwa imenyesha na barabara ya kwetu ni tope. Kitani na moka nimeviweka juu hadi mwisho wa mwaka.

Mjomba alipita nyumbani Alhamisi kumwona mama. Nilikuwa nimetoka kazini, nimevaa lile shati na suruali ya bluu. Aliongea nami habari za shamba la babu na mpaka unaozozaniwa na jirani, jambo ambalo hajawahi kuliongea nami, akaniuliza kama nitaweza kufika wakati wa kupima. Nilimwambia nitafika. Mavazi hakuyataja, nami sikuyataja.

Mama Fundi amenichorea ruwaza ya shati kwenye karatasi ngumu ya kaki, kola ikiwa imerekebishwa na urefu ukiwa umeongezwa robo inchi, ameiandika jina langu na kuitundika ukutani pamoja na za wateja wake wengine. Kwa hiyo nimerudi Biashara Street nikanunua mita mbili za kitani cheupe kwa 1,600, na nimevuka bajeti kwa shilingi 200: jumla ni 15,200, na ushonaji bado sijalipa. Hakuna haraka. Kitambaa kiko ndani ya karai la maji tangu jana usiku.